Peugeot ya Mjomba na GX 100

Jumamosi, 14 Desemba 2024
Mvua ya vuli imenyesha usiku kucha. Mjomba kaitoa 504 yake, ile ya stesheni, tumefuata mananasi Kiwangwa. Lami ya Msata–Bagamoyo haina neno, kazi ni kuingia shambani. Gari ilikuwa tupu, ikaanza kuyumba nyuma kwenye tope. Hakukanyaga mafuta, aliiacha itambae na gia ya pili. Wakati wa kutoka ilijaa mananasi hadi kwenye kioo cha nyuma, na tope lilelile ikalipita bila kuteleza. "Mzigo ndio unaikalisha, mjomba," akaniambia. Kweli kabisa. Gari inayosukuma nyuma inataka uzito juu ya difu. Na stesheni waliiwekea ekseli nzima ya nyuma ili ibebe mzigo, wakati saluni nyingi zina magurudumu ya nyuma yanayocheza kila moja peke yake.

Jumatatu, 16 Desemba
Leo nimemchukua mjomba kwenda Chalinze na Mark II yangu, GX 100. Nayo inasukuma nyuma, ila enzi ni nyingine: 504 ilitoka Ufaransa 1968, mtindo huu ulitoka Japani 1996. Silinda sita kwenye mstari mmoja, lita 2, otomatiki. Kupita Lugoba mjomba alikuwa anasinzia! Alipoamka akaanza habari za Safari Rally: Ove Andersson alishinda na 504 mwaka 1975, Jean-Pierre Nicolas naye 1978. Mashindano yale zamani yalikuwa yakipita hadi Tanganyika na Uganda. Gari iliyoshinda huko haihitaji mimi niitetee. GX 100 siipeleki Kiwangwa shambani. Iko chini, na ikiwa tupu uzito mwingi uko mbele.

Ijumaa, 20 Desemba
Gereji. 504 ilikuwa inakata moto. Fundi kafungua kabureta juu ya gunia, katoa jeti kwa bisibisi, kaiinua juani atazame kitundu, kapuliza. Ikawaka. Ya kwangu taa ya injini inawaka, na bila mashine ya kupimia hakuna wa kuniambia ni sensa ipi.
Lakini wotapampu ya 504 inavuja, na hapo ndipo panauma. Bushi na shokapu za GX 100 ukiagiza Kariakoo asubuhi, jioni basi linakushushia hapa njia panda. Za 504 mjomba anaulizia kwa wazee wenzake.

Jumapili, 22 Desemba
Magari ya Moshi na Arusha yamejaa barabarani, watu wanakwenda kula Krismasi kwao. Kaja mnunuzi wa vyuma chakavu kuitaka 504. Nimemsihi mjomba asiuze. Kwa safari ya Tanga, GX 100 ni bora, sibishi. Kwa mzigo na tope la Kiwangwa haiifikii 504 hata kidogo. Wotapampu nitainunua mimi, hata kama itabidi iagizwe Mombasa.