Mizani ya Pumzi

Washairi wa pwani wanaijua mizani kuwa ni hesabu ya silabi: ikizidi moja mshororo huyumba, ikipungua msomaji hujikwaa. Mafundi wa magari nao wana mizani yao, nayo imo ndani ya kabureta. Injini ya petroli hutaka hewa sehemu kama 15 kwa petroli sehemu moja, kwa uzito. Petroli ikizidi, injini hulowa na kutoa moshi mweusi; ikipungua, injini hukohoa na kuchemka.

Huko Marekani, wapenzi wa magari ya kale yenye silinda nane na ngurumo za simba huzitafuta kabureta za Holley, na kabla ya kununua husoma nambari iliyogongwa kwenye mdomo wake wa juu. Kigongo, wilayani Misungwi, ukingoni mwa Ghuba ya Mwanza, gari la kale ni Land Rover. Swali lakini ni lile lile: hii ni kabureta gani, na injini hii yastahiki ipi?

Swali hilo lilimkalia kooni mwalimu mmoja mstaafu, aliyerithi pamoja na ndugu zake Land Rover ya marehemu baba yao, yenye injini ya sentimita za ujazo 2,286. Gari lilikuwa limelala chini ya mwembe kwa miaka kadhaa. Wadogo zake walitaka liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, fedha zigawanywe. Yeye alikataa kwa hoja moja tu: gari la baba halijapata kuguswa, kila chuma chake ni kile kilichotoka nacho kiwandani. Akaomba muda, akamwita fundi.

Fundi hakuwa na haraka ya kuwasha injini. Aliifungua kabureta, akaiosha kwa petroli na mswaki mpaka herufi zikajitokeza. Akapima upana wa tundu lake. Injini ya namna ile, alieleza, ilianza kufungwa katika Land Rover mwaka 1958, ikiwa na kabureta ya Solex yenye tundu la milimita 40. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 ikaja Zenith 36 IV, na hiyo 36 ndiyo milimita za tundu. Iliyokuwa mkononi mwake iliandikwa Weber 34 ICH.

"Mwalimu," akasema, "hii haikuja na gari. Ilifungwa baadaye."

Maneno hayo yaliangusha hoja yote mbele ya wadogo zake. Mwalimu akaamua palepale kwamba itafutwe Zenith, gari lirudi katika asili yake. Fundi akamtahadharisha. Mpya zinazomeremeta madukani nyingi ni za kuiga, na vyote ving'aavyo si dhahabu: jina laweza kuwa zuri na matundu yasiwe na kipimo. Ya zamani nayo ina maradhi yake. Mfuniko wa Zenith hupinda kwa joto, na pete ya mpira iliyo ndani huchakaa. Petroli huvuja kimyakimya hadi kooni. Injini ikizimwa ingali na moto hulowa, isikubali kuwaka tena. Dawa yake ni kusugua nyuso zake kwa msasa juu ya kioo mpaka zinyooke, na kubadili pete.

Dada yao mkubwa, aliyekuwa akichambua mchele kando, aliposikia habari ya injini moto isiyowaka, akaacha ungo.

"Mdogo wangu, wewe ulikuwa shule ya bweni," alisema. "Baba alizimia gari hapo gatini, kwenye foleni ya kivuko. Zamu yake ilipofika, gari likakataa. Wenye malori wakapiga honi, watu wakamsukuma mpaka ndani ya kivuko, naye kavaa koti la harusi. Mwezi uliofuata aliuza mtamba, akabadilisha kitu humo ndani. Hakupenda tuizungumze siku ile."

Mwalimu hakuitaja tena Zenith. Alimwuliza fundi ile Weber yahitaji nini.

Ilihitaji sindano ya boya, gasketi, na jeti ndogo zaidi. Jeti iliyokuwamo ilikuwa kubwa kwa nchi ile. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Unguja kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi. Koo la kabureta huvuta hewa kwa ujazo. Wingi wa pumzi hubaki ule ule, uzito wake ukapungua, wala petroli haipungui kwa kadiri hiyo. Gari lililotengenezewa pwani, likipanda hadi Mwanza, hunywa kupita kiu yake. Fundi alishuka hatua moja ya jeti, akaendesha, akafungua plagi. Masizi meusi yangesema petroli imezidi, weupe ungesema imepungua. Zilitoka na rangi ya udongo wa kahawia, naye akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Foleni iliyomwaibisha mzee haipo tena. Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na kutoka Kigongo hadi Busisi gari halina sababu ya kuzimwa.

Wadogo zake walipomkumbusha ile hoja yake ya zamani, mwalimu hakuitetea. Aliwaambia kwamba gari liliguswa, na aliyeligusa ni baba, kwa bei ya mtamba. Wakanyamaza kidogo. Kisha kitinda mimba akauliza sindano ya boya ni shilingi ngapi, naye achangie.