Nani Alimleta

Mama mkubwa hakuwa na daftari la wateja. Alikuwa na daftari la madeni, na hilo lilimtosha. Kaunta buku lenye kava gumu, kurasa zinanuka samaki, na kila mdaiwa ameandikwa kwa namna ambayo ofisa wa benki asingeielewa: "Yule mrefu wa Kitwe, meda kumi na tano, kaletwa na dada wa pantoni." (Meda ni chombo cha kupimia sokoni.) Jina halisi liliandikwa likijulikana. Aliyemleta mtu hakukosa kuandikwa hata mara moja.

Alikuwa ananunua na kuuza chisense pale Kashikishi, Zambia, soko ambalo leo limeungana na mji wa Nchelenge. Chisense ni dagaa wa Ziwa Mweru, huvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchana. Wanunuzi wakubwa ni watu wa miji ya migodi, Zambia na Congo. Kwetu hasa ni Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Congo. (Siyo Kilwa ya Kusini mwa Tanzania, wala kisiwa cha Kilwa kilicho upande wa Zambia. Ziwa moja lina Kilwa mbili na kila mgeni lazima aelezwe.) Ndiyo maana nyumbani tunaongea Kiswahili, sokoni Kibemba, na hesabu tunapiga kwa lolote linalokuja haraka.

Biashara ya kukopeshana hapa haikuanza na mama mkubwa. Wazee walitusimulia habari za Wagiriki wa Kasenga, kwenye Mto Luapula, waliosafirisha samaki kwa barafu hadi Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kuwalisha wafanyakazi wa migodi. Waliwatangulizia wavuvi vifaa, wakalipwa kwa samaki. Biashara ya aina hiyo inamtaka mtu ajue nani ni nani, nani ni ndugu wa nani, na mwaka jana alilipa lini. Elimu yote hiyo ilikaa kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo akifa au akihama, duka lilianza upya.

Nilipokuwa kijana, habari zilisafiri na madereva. Ukitaka kumwambia mteja wa Ndola kwamba mzigo umekauka, unampa dereva karatasi. Kabla ya Daraja la Chembe kufunguliwa mwaka 2008, lori lilingoja pantoni kuvuka Luapula ili lishike njia inayokatiza Congo kwenda miji ya shaba, na karatasi nayo ilingoja. Kisha ikaja simu. Mama mkubwa aliipokea kwa furaha, akaandika namba pembeni ya majina yale yale ya zamani. Watu wa teknolojia hupenda kusema simu ilibadilisha kila kitu. Kwetu iliongeza safu moja kwenye kaunta buku.

Hata hiyo safu haikukaa sawa. Serikali ya Zambia ilipoamuru laini zote za simu zisajiliwe, na mwanzoni mwa mwaka 2014 zile zisizosajiliwa zikazimwa, wateja wetu wengi walirudi na namba mpya. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Januari 2013, kwacha ilikuwa imekatwa sifuri tatu. Kwenye ukurasa mmoja ungekuta deni la 450,000 na chini yake deni la 380, na la pili ndilo dogo kidogo tu kuliko la kwanza. Mama mkubwa alisoma ukurasa huo bila kukwama. Mimi nilihitaji kalamu.

WhatsApp Business ilipotoka mwaka 2018 tuliihamia taratibu. Ilikuwa na lebo za rangi: amelipa, anadaiwa, mzigo uko njiani. Tuliona tumefika. Kumbe simu yenyewe ilikuwa ya kijana wetu wa mauzo, na siku alipokwenda kufanya kazi kwa mfanyabiashara mwingine, sehemu kubwa ya wateja wetu wa mpakani Kasumbalesa ilikwenda naye. Hakuiba kitu. Namba zilikuwa zake, mazungumzo yalikuwa yake, na wateja walimzoea yeye. Ndipo mpwa wangu, aliyesoma biashara Lusaka, aliposema: "Mjomba, tunahitaji programu ya wateja, iwe ya duka, isiwe ya mtu."

Ukianza kutafuta programu ya namna hiyo unakutana na majina mengi. Salesforce ya Marekani, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1999 na kuwafundisha watu kukodi programu kupitia intaneti badala ya kuinunua. Odoo ya Ubelgiji. Zoho ya India, ambayo mmoja wa waanzilishi wake, Sridhar Vembu, alihamia kuishi kijijini Tamil Nadu mwaka 2019; habari hiyo ilimfanya mpwa wangu aipende kampuni kabla hajaona kazi yake. Nyingi hutoza kwa kila mtumiaji kwa mwezi, tena kwa dola. Mwaka 2024 dola moja ilipita kwacha 25, na bei iliyoonekana ndogo kwenye skrini ikawa sawa na mzigo wa mtu.

Lakini bei haikuwa ndiyo shida yenyewe. Karibu kila programu tuliyoijaribu ilikuwa imejengwa kumsaka mteja mpya. Ukifungua unakuta ngazi: mtarajiwa, amepigiwa simu, amepewa bei, amekubali, au ameshindikana. Akishakubali, kadi yake inasogezwa pembeni na unapongezwa. Kwetu kazi inaanzia hapo. Mteja akishakubali ndipo anapochukua meda ishirini kwa nusu ya fedha, na kuanzia hapo ndipo unapohitaji kumkumbuka. Sisi hatukuhitaji kusaka mtu. Kashikishi wateja wanakuja wenyewe, wanateremka kwenye basi na magunia matupu kwapani.

Kituko kikubwa kilitokea mwezi Machi. Kila mwaka serikali hufunga uvuvi kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaane. Miezi hiyo wateja wetu wa samaki wakubwa wa kukaushwa kwa moshi, maana hatuuzi chisense tu, hulima, huuza salaula (mitumba), hukaa kimya. Programu moja tuliyokuwa tunaijaribu bure ilikuwa na kanuni yake: mteja asiyenunua kwa siku 90 amepotea. Hesabu mwenyewe: Desemba, Januari, Februari. Uvuvi ulipofunguliwa tulikuta orodha yao nzima imepakwa rangi nyekundu, pamoja na watu waliokuwa wanafanya biashara na mama mkubwa tangu enzi za pantoni, na programu inatushauri tuwatumie punguzo la bei kuwabembeleza warudi. Mama mkubwa aliangalia ile skrini kwa muda, akasema, "Hawa hawajapotea. Wanangoja ziwa."

Jambo la pili lilikuwa namba ya simu. Programu nyingi humtambua mtu kwa namba au barua pepe. Barua pepe kwa mama anayeuza samaki Chingola ni nafasi tupu tu. Na namba? Mteja wetu mmoja wa kuvuka mpaka ana laini mbili za Zambia na nyingine ya Congo, na huwasha ile yenye salio. Programu ilimwandika kama watu watatu, kila mmoja na deni dogo lisilotisha. Ukiyajumlisha, ndiye aliyekuwa anadaiwa kuliko wote.

Ndipo nilipoelewa kwa nini mama mkubwa hakukosa kuandika nani alimleta nani. Kwake hicho ndicho kilikuwa kitambulisho, na ndiyo iliyokuwa dhamana. Laini inazimwa, fedha inakatwa sifuri, mtu anahama Kitwe kwenda Solwezi, lakini aliyekuletea mtu hubaki anajulikana, na ukimpigia atakwambia mwenzake yuko wapi. Hakuna programu iliyokuwa na nafasi hiyo tayari. Swali letu likabadilika. Tuliacha kuuliza ipi ina mambo mengi, tukaanza kuuliza ipi inaturuhusu kuongeza nafasi zetu wenyewe na kuondoa zile za kwake, ipi inafanya kazi bila mtandao na kupakia baadaye. Hilo la mwisho si anasa. Mwaka 2024, ukame ulipokausha mabwawa ya umeme, tulikaa gizani sehemu kubwa ya siku, na simu zilichajiwa kwa paneli ya jua iliyokuwa ya taa za wavuvi.

Tuliyoichagua mwishowe ni ndogo, ya kawaida, haina sifa ya kuandikia. Tumefuta ngazi zote za mauzo isipokuwa mbili: anadaiwa, hadaiwi. Siku za ukimya tumeziongeza hadi zipite msimu wa kufungwa. Nafasi ya lazima, ambayo bila kuijaza huwezi kuhifadhi, ni moja tu, "Nani alimleta", na ukiigusa inakupeleka kwenye ukurasa wa huyo aliyemleta, na kutoka kwake kwa mwingine. Mpwa wangu hukaa jioni akizifuata hizo nyuzi, na amegundua kwamba wateja wengi wa Kasumbalesa wanarudi kwa mwanamke mmoja tu. Tukampigia simu. Amezeeka, haji tena sokoni, ila tangu hapo anapata meda yake kila mzigo ukienda, na wateja kadhaa waliokwenda na yule kijana wamerudi.

Kabla ya kulipa, mama mkubwa aliuliza swali moja ambalo sisi wawili hatukuwa nalo: "Tukitaka kuondoka, tunaondoka na nini?" Mpwa wangu alimwonyesha kitufe cha kushusha orodha nzima, majina, madeni na waliowaleta, ikawa faili la kawaida linalofunguka kwenye kompyuta yoyote. Akataka lichapishwe. Sasa kila mwisho wa mwezi linachapishwa Nchelenge mjini, na yeye hulipitia na kalamu nyekundu, akisahihisha. Mkataba unaisha Juni. Mpwa wangu ameshaanza kuangalia nyingine.