Barazani Mji Mkongwe, habari ya mvua si porojo

UKIPITA Mji Mkongwe wa Zanzibar baada ya swala ya alasiri, utawakuta wazee wamekaa barazani, vikombe vidogo vya kahawa mkononi, macho yakifuata wapita njia. Anayesimama kuwasikiliza kwa dakika tano anaweza kuondoka akidhani hawana la maana. Jana joto lilikuwa kali. Leo kuna upepo. Nguru amepanda bei. Boti ya asubuhi imechelewa. Fulani amesafiri, fulani amerudi. Redio imesema hivi, simu zinasema vile.

Akikaa wiki nzima atabadili mawazo. Mazungumzo hayo mepesi ndiyo yanayoamua nani avuke bahari kesho, nini kipikwe usiku, nguo zianikwe lini na mtoto aliyeko Pemba arudi leo au asubiri. Visiwani, hali ya hewa ni habari ya nyumbani kama ilivyo habari ya mgonjwa au ya harusi.

Kiti cha mawe

Baraza ni benchi la mawe na chokaa lililojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, upande wa njiani. Mwenye nyumba hupokea hapo wageni wa kiume bila kuwaingiza ndani, na familia ikabaki na faragha yake. Masika yakikolea na vichochoro vikajaa maji, baraza hugeuka njia: watu hupita juu yake, nyumba hadi nyumba, viatu mkononi.

Maarufu kuliko zote ni ile ya mtaa wa Sokomuhogo, panapokutana vichochoro kadhaa, panapoitwa Jaws Corner. Jina hilo limetokana na filamu ya papa ya mwaka 1975. Hapo pana mabenchi, muuza kahawa na dele lake juu ya makaa, na mabishano yasiyokwisha ya siasa na mpira. Lakini hata siku ya mabishano makali, neno la kwanza huwa lile lile. Kijana atasema "Shikamoo", mzee ataitikia "Marahaba, mwanangu", kisha atatazama juu na kusema: "Leo mawingu haya, sijui."

Hilo "sijui" halina maana kwamba hajui. Ni mwaliko. Kila aliyekaa hapo ataongeza lake: mmoja amesikia upepo umegeuka usiku, mwingine ametoka Malindi na kuona ngalawa zimerudi mapema, wa tatu ana goti linalouma kila mvua inapokaribia. Kikombe cha pili kikimiminwa, baraza imeshapata jawabu.

Upepo wenye majina

Mtu wa bara huhesabu mwaka kwa mvua. Mtu wa visiwani huhesabu kwa mvua na kwa upepo pia. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, upepo wa joto ambao kwa karne nyingi ulileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na India. Kisha huja masika, mvua kubwa ya Machi hadi Mei. Upepo hugeuka, kusi huanza, na kati ya Juni na Agosti huvuma kwa nguvu pamoja na baridi ya kipupwe. Huo ndio upepo uliokuwa ukiyarudisha majahazi kwao. Mwisho wa mwaka huja vuli, mvua ndogo ya Oktoba hadi Desemba. Kati ya kaskazi na kusi pana kipindi kifupi kiitwacho tanga mbili, upepo usipokuwa na upande maalumu.

Mabaharia wa zamani walikuwa na kalenda yao ya jua, iliyoanzia Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo, yaani siku kumi kumi. Kwa hesabu hiyo walijua wakati wa kutweka tanga na wakati wa kupanda. Mabaki yake yanaonekana Makunduchi kila Julai katika sherehe ya Mwaka Kogwa, ambapo kibanda cha makuti huchomwa moto na watu hutazama moshi umeelekea wapi ili kuubashiri mwaka unaoanza.

Vijana wa leo hutazama simu. Wazee hawaipingi simu, ila humwuliza mwenye nayo swali moja: "Hiyo mvua inanyesha Unguja ipi?" Utabiri wa mji mzima hausemi kwamba mvua inaweza kunyesha Mwera na Darajani pakabaki pakavu.

Bei ya kitoweo

Mazungumzo ya upepo huishia sokoni. Kusi kikivuma sana, wenye vyombo vidogo hawaendi mbali. Samaki hupungua katika diko la Malindi, na mnada wa Darajani hupanda kabla jua halijawa juu. Mama wa nyumbani hahitaji kuelezwa sababu. Amesikia madirisha yakigonga usiku kucha, akajua kesho ni siku ya maharage ya nazi.

Mwezi nao una kauli yake. Wavuvi wa dagaa hutumia taa kuwavuta samaki usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa zao hazina nguvu, na wengi hupumzika mpaka giza lirudi. Ndiyo maana mazungumzo ya "mwezi umefika ngapi" hayahusu Ramadhani na sikukuu tu. Yanahusu pia chungu cha jioni.

Upande wa mashariki, Paje na Jambiani, kina mama wanaolima mwani hufuata bamvua, siku ambazo maji hutoka mbali sana na kuacha wazi kamba na vijiti vyao. Siku za maji mafu hakuna kazi kubwa ya kufanya. Maji yakipata joto kupita kiasi mwani hudhoofika na kuoza, na pesa ya madaftari ya watoto huenda nayo. Mwanamke wa huko akisema "maji ya mwaka huu moto", hapigi soga. Anatoa hesabu ya mapato yake.

Pemba ni karafuu. Zikishachumwa na kuchambuliwa huanikwa juani kwa siku kadhaa mpaka zikauke vizuri. Wingu moja jeusi likitokea, nyumba nzima hukimbia majamvini, wakubwa kwa wadogo, kuanua. Karafuu zilizolowa hupoteza rangi na thamani.

Mwaka ambao upepo ulibadili visiwa

Ukiwauliza wazee kwa nini Pemba ndiyo iliyoshika karafuu wakati zao hilo lilianza kwa nguvu Unguja, watakurudisha kwenye hali ya hewa. Aprili 1872, wakati wa Sayyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja. Kiliharibu merikebu za Sultani na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Pemba haikuguswa sana. Bei ikapanda, na Wapemba wakaendelea kupanda mikarafuu yao. Leo ukisikia harufu ya karafuu bandarini Mkoani, ujue kuna upepo wa siku moja, zaidi ya miaka 150 iliyopita, uliochangia kuifikisha hapo.

Vimbunga si vya kawaida katika pwani hii, na kwa sababu hiyo watu husahau kwamba vipo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari na boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitisha safari. Kimbunga kilipofika karibu na Mafia kilikuwa kimepungua nguvu. Tahadhari ya namna hiyo ikipita salama, hakosi mtu barazani wa kusema: "Si mnaona? Walitutisha bure." Na hakosi mzee wa kumjibu taratibu: "Bora nitishwe nikiwa nyumbani kwangu."

Mzee huyo ana sababu. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imepakia watu na mizigo kupita kiasi. Julai 18, 2012, haijapita hata mwaka, MV Skagit ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam, siku ya upepo mkali na mawimbi makubwa. Ni vigumu kuipata baraza isiyokuwa na mtu aliyezika au aliyesubiri maiti isirudi. Tangu hapo swali la "bahari ikoje?" limekuwa na uzito mwingine. Mtu akisema anasafiri kesho, huulizwa boti gani, saa ngapi, na pamejaa kiasi gani. Wanaouliza hivyo hawapekui mambo ya watu. Wanakumbuka.

Nyumba inaposikiliza mvua

Kuna hofu nyingine ambayo mgeni haioni kwa urahisi. Nyumba za Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na sakafu zake hushikwa na boriti za mikoko. Zikitunzwa hudumu sana. Zikiachwa, kuta hunywa maji msimu hadi msimu, boriti huoza, na siku moja ukuta huondoka.

Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, jengo kubwa la Barghash linalotazama bahari, iliporomoka wakati wa ukarabati na kuua watu wawili. Ikiwa kasri limeanguka mchana kweupe, familia inayoishi ghorofa ya pili ya nyumba yenye warithi kumi na watano, hakuna anayetaka kutoa pesa ya chokaa, ina haki ya kukosa usingizi masika yanapoanza. Barazani ndiko ufa unakotajwa kwanza. "Ule ukuta wa nyuma kwa Bi Mkubwa umetoka tumbo," mtu atasema, na kesho yake kijana atatumwa kuuangalia. Habari hiyo haitatangazwa redioni.

Habari za redio na habari za simu

Zamani baraza ilikuwa na redio moja. Ikifika saa ya taarifa, bao lilisimama, karata zikafunikwa, watu wote wakasikiliza sauti moja, kisha wakabishana juu ya jambo walilolisikia pamoja. Leo kila mtu ana taarifa yake mfukoni. Mmoja ana picha ya mawimbi makubwa aliyoletewa usiku, haijulikani ya nchi gani wala ya mwaka gani. Mwingine ana sauti ya mtu asiyejitaja jina inayosema bandari imefungwa. Habari kama hizo zimewafanya watu kurudi nyumbani na mizigo yao bila sababu, na nyingine zimewafanya wapuuze onyo la kweli.

Hapa ndipo baraza bado ina kazi. Ina kanuni ambayo haijaandikwa popote: anayeleta habari huulizwa kaipata wapi. Akijibu "wanasema", hupewa kahawa lakini habari yake huwekwa pembeni. Akijibu "nimetoka bandarini sasa hivi, nimeona kwa macho yangu", watu husogea karibu. Ni mtihani mdogo ambao familia yoyote inaweza kuutumia mezani kabla ya kusambaza ujumbe kwa shangazi na wajomba.

Upande wa ndani nao husema

Baraza ya njiani kwa kawaida ni ya wanaume, lakini habari haziishii mlangoni. Uani na ukumbini kina mama wana kikao chao, tena chenye mambo mengi zaidi: nani amejifungua, nani ana homa, maji ya bomba yametoka saa ngapi, mtoto yupi amerudi chuoni amelowa. Mara nyingi baba hurudi na habari ya kaskazi akakuta mama ameshaanua nguo, ameshawapigia simu wa Wete, na ameshaamua hakuna anayesafiri Jumamosi.

Nyumba zinazoelewana hukutanisha vikao hivi viwili wakati wa chakula cha usiku. Baba huleta ya bandarini, mama huleta ya mtaani, kijana huleta utabiri wa Mamlaka kwenye simu yake, na bibi aliyekaa kimya pembeni huuliza upepo unatoka wapi. Zikilingana zote nne, mtu hufunga mizigo. Zisipolingana, safari husogezwa siku moja. Mtaani hapo, aliyeahirisha safari kwa sababu ya bahari hachekwi na mtu, hata kama kesho yake kumekucha shwari.