Vidole Kabla ya Herufi

Nukta nundu ni maandishi ya vitone vilivyotuna juu ya karatasi, ambayo asiyeona huyasoma kwa ncha za vidole, na kuwafundisha watoto maandishi hayo ndiyo iliyokuwa kazi ya mwandishi wa tawasifu hii mpaka alipostaafu na kurejea kwao Butiama. Mfumo huo uliochapishwa mwaka 1829 na Mfaransa Louis Braille, aliyepofuka utotoni, hujenga kila herufi ndani ya chumba cha nukta sita, tatu kushoto na tatu kulia; herufi kumi za mwanzo zikiongezewa nukta ya tatu huzaa kumi zinazofuata. Herufi w, ambayo Kifaransa hakikuihitaji, iliingizwa baadaye nje ya utaratibu huo, na kwa kuwa msomaji wa Kiswahili hukutana nayo kila mstari, katika watu, wazazi na walimu, mwandishi aliifundisha mapema.

Watoto wengi wa vijijini walifikishwa Musoma wakiwa wamechelewa. Huko, Shule ya Msingi Mwisenge, alikosoma Julius Nyerere kuanzia mwaka 1934, hupokea pia wasioona. Baadhi yao walipofushwa na surua, na nyumbani walikuwa wameketishwa tu kwa kuhurumiwa, hawagusi jiko wala jembe. Vidole vya namna hiyo havisomi. Kabla ya kutaja herufi hata moja, mwandishi aliwapa ungo wa maharage yaliyochanganywa na choroko wayatenganishe, akawafundisha kufunga vifungo vya shati na kusokota kamba za katani, hadi kidole cha shahada kikazoea kupapasa bila kukandamiza, kwani kinachokandamiza hupoteza umbo la herufi na hatimaye huilaza nukta yenyewe.

Kuandika kulidai zaidi, kwa sababu anayetumia kibao na kalamu ya kudungia huanzia kulia kwenda kushoto, kila herufi akiigeuza, ili karatasi ikipinduliwa isomeke kama kawaida; mashine ya Perkins, yenye kitufe kwa kila nukta, huondoa ugumu huo, ila mashine hizo daima zilikuwa chache kuliko watoto. Kitabu kimoja cha kiada nacho hugeuka majuzuu kadhaa, yakasomwa kwa zamu.

Simu zinazosoma kwa sauti zina faida, lakini mwandishi hakubali kwamba zinatosha: mtoto anayesikiliza tu hajui kwamba ng'ombe huandikwa kwa ritifaa, wala hajui aya inaanzia wapi, ilhali darasa la saba atatakiwa kuandika majibu yake mwenyewe.