Mbio za Laki Tatu

Kwa vijana wa Bamburi wa rika langu, gari dogo lenye mbio lilikuwa kitu cha kupatikana. Sisemi rahisi, nasema cha kupatikana. Mtu alifanya kazi hoteli za Shanzu, akaingia chama, akakopa kwa ndugu, na siku moja ukamwona yuko kwenye usukani wa Toyota Starlet.

Wazee wetu walikuwa na yao. Mjomba wangu hakuacha kusimulia Safari Rally ya miaka ya 70, ilipokuwa ikiteremka hadi Pwani, na Joginder Singh alivyoshinda mwaka 1974 kwa Mitsubishi Colt Lancer ya cc 1600. Alichokipenda ni udogo wa lile gari. Ungeliegesha sokoni Kongowea na asigeuze shingo mtu.

Starlet nazo hazikugeuza shingo. Nyingi zilibeba walimu na manesi. Lakini katikati ya Starlet hizo zilijificha GT Turbo na mrithi wake Glanza V, iliyotengenezwa kati ya 1996 na 1999: injini ya cc 1331, tabo, nguvu za farasi 135, na uzito usiofika tani moja. Mwenye Prado anaweza kuzicheka nguvu hizo. Aje alfajiri, barabara ya Malindi ikiwa tupu, kutoka Mtambo kuelekea daraja la Mtwapa. Ukiweka gia ya pili, mwanzo hupati chochote. Waona ni gari la mwalimu tu. Mshale ukipita elfu tatu, filimbi inalia nyuma ya dashibodi, usukani unavuta upande, na kichwa kinakwenda kugonga kiti. Unatia ya tatu, na hapo hapo unakutana na tuta. Barabara ile na matuta yake imeokoa roho nyingi kuliko trafiki wote.

Bei? Nakumbuka laki tatu na kitu kwa gari lililokwisha tumika hapa nchini. Unafuu ule haukuwa hisani ya mtu. Huko Japani gari hukaguliwa likifika miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na ukaguzi wenyewe ni ghali. Wenyewe waliona heri kuuza. Meli zikateremsha Kilindini, nasi tuko mlangoni. Wauzaji wengi wa wakati ule waliipanga Glanza safu moja na Starlet nyingine, wakaongeza kidogo kwa ajili ya rimu.

Ilibidi ununue na fundi. Wetu alikuwa na gereji Kiembeni, chini ya mwembe, na hakuwa na haja ya kuliendesha gari. Alifungua kifuniko cha oili akatazama ndani: ukiona utelezi mweupe kama maziwa, gasketi imekwisha, nendeni zenu. Kisha alivua bomba la hewa, akaingiza vidole viwili mpaka kwenye pangaboi la tabo na kulitikisa. Likicheza kidogo, sawa. Likigusa ukuta, alipangusa mkono kwa tambara bila neno, na muuzaji mwenyewe alianza kushusha bei.

Kilichogeuza mambo ni sheria ya gari lililotumika kutozidi miaka minane ndipo liingie Kenya. Siipingi, bila hiyo tungekuwa jaa la Japani. Ila fanya hesabu: Starlet ilikoma kutengenezwa 1999, basi, mwaka wa kwanza nao ukihesabiwa, ilipokwisha 2006 mlango ukafungwa. Zilizokuwa humu, zenye namba za KAR na KAS, ndizo hizo hizo. Moja ikatumbukia mtaroni, nyingine ikaliwa na kutu, maana chumvi ya bahari yetu huanza na matao ya magurudumu na haina huruma. Badala ya kushuka na uzee, bei ikapanda. Juzi nilimsimamisha kijana mmoja pale Bamburi Mwisho nikamuuliza kama anauza. "Shekhe, hii siuzi," akanijibu, na bado akanitajia bei: zaidi ya mara mbili ya ile ya zamani.

Upande wa kodi ndio usiseme. Mwisho wa 2015 serikali iliweka ushuru wa bidhaa wa shilingi 200,000 kwa gari lililopita miaka mitatu, liwe Vitz liwe Land Cruiser. Mwenye Vitz akalia, mwenye Land Cruiser akatabasamu. Mwaka uliofuata ukarudishwa kwa asilimia. Sasa ushuru wa forodha ni asilimia 35, juu yake bidhaa asilimia 20 kwa cc zisizozidi 1500, juu ya hayo yote VAT 16. Gari ambalo watoza kodi wa KRA wamelipigia thamani ya shilingi 100 linakuwa 188, na tozo nyingine hujazitia.

Viwanda navyo vimelihama gari dogo la bei nafuu. Mwaka 2022 Toyota ilichukua nafasi nne za kwanza Safari Rally kule Naivasha, kwa GR Yaris. Yaris ni jina lingine la Vitz, lakini GR Yaris ya barabarani ni gari la wenye nazo. Ulaya, Ford iliizima Fiesta Julai 2023.

Mrithi wa kweli ninayemwona ni Suzuki Swift Sport: cc 1400, tabo, farasi 140, kilo 970. Karibu Glanza yenyewe, tena na breki za kuaminika. Inapita milioni moja na nusu, na kijana wa hoteli hafiki huko hata chama kimpe zamu mbili.

Mtoto wa jirani yangu amepiga hesabu zake akanunua Probox ya gia za mkono. Injini yake ya 1500 ni ya ukoo ule ule wa Vitz RS, wengi hawajui. Asubuhi inapeleka mikate Kilifi. Jumapili anang'oa viti vya nyuma, anaviacha sebuleni kwa mamake, na wenye Subaru wanaanza kumkwepa.