Sitarusha Jiwe Tena

Mimi ni kijana wa miaka 16. Juzi mjomba alituonyesha sinema ya Kiitaliano ya mwaka 1948, "Ladri di biciclette", maana yake "Wezi wa Baiskeli". Aliyeitengeneza ni Vittorio De Sica. Picha zake hazina rangi, wala hamna vita. Nilidhani nitasinzia.

Baba mmoja wa Roma, Antonio, apata kazi ya kubandika matangazo, lakini sharti awe na baiskeli. Yake imewekwa rehani. Mkewe atoa mashuka ya vitanda ili waikomboe. Siku ya kwanza ya kazi, baiskeli yaibiwa! Antonio na mwanawe Bruno waitafuta mji mzima, wasiipate. Mwisho, kwa kukata tamaa, Antonio naye aiba ya mtu. Akamatwa na kupigwa makofi mbele ya mtoto wake.

Hapo niliinamisha kichwa. Mwaka jana kijijini kwetu mtu alishikwa na baiskeli ya wizi, nami nikakimbia na wenzangu kumrushia mawe. Alikwenda zake akichechemea. Sikujiuliza kama ana mtoto.

Katika sinema, mwenye baiskeli amwona Bruno akilia, naye amwachilia baba yake.

Wizi ni wizi, sikatai. Lakini, vijana wenzangu, mkisikia kelele za "Mwizi!", kumbukeni kwamba huenda mwanawe yupo hapo anatazama. Mwiteni mjumbe, mawe yaacheni chini.