Manjano ya mtoto mchanga na kiini cha ubongo

Katika darasa langu hapa Kikula yuko mwanafunzi ambaye mikono yake inajikunja bila yeye kutaka, na hasikii vizuri. Mtaani wengine wanasema amelogwa, wengine wanamwita mjinga. Lakini hesabu anazijua kuliko wengi. Kalamu tu ndiyo inamshinda.

Mama yake alinieleza kwamba mtoto aligeuka manjano akiwa na siku tatu. Wakubwa wa nyumba wakasema, "Mumuweke kwenye jua, itapita." Kisha akaacha kunyonya. Walipofika lopitali, munganga aliwaambia manjano imekwisha kuingia kwenye ubongo.

Tuelewe neno hilo. Ndani kabisa ya ubongo, kila upande, kuna kiini kinachoitwa palidumu. Ni fungu dogo la seli, na kazi yake ni kama breki: huzuia mijongeo tusiyoitaka, ili ule tunaoutaka upite. Sasa, chembe nyekundu za damu zikivunjika hutoa rangi ya manjano, bilirubini. Ini la mtoto mchanga bado haliwezi kuiondoa yote upesi. Mara nyingi manjano ni kidogo na hupita. Ikizidi mno, inaingia ubongoni na kuharibu palidumu, pamoja na viini vya kusikia. Breki ikiharibika, mikono inajiendea. Akili mara nyingi inabaki nzima. Basi tusiwaite wajinga. Tuwape muda wa kujibu.

Dawa ipo, na mwanamke ndiye aliyeona mlango wake. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, muuguzi Jean Ward aliona ngozi ya mtoto imepungua manjano pale ilipopata jua. Kutokana na hapo waganga wakatengeneza taa za kutibu manjano. Lakini jua la uani halipimiki, wala halitoshi manjano ikiwa kali.

Kwa hiyo tumtazame mtoto mchana, penye mwangaza. Tubonyeze paji la uso kwa kidole, tuangalie rangi inayobaki. Tuangalie na macho na ufizi. Tumnyonyeshe mara nyingi. Nguo zake tusiziwekee naftalini, kwa sababu wako watoto ambao damu yao huvunjika kwa ajili yake. Na tukiona manjano siku ya kwanza, au nyayo za manjano, au mtoto analala tu na kukataa ziwa, tuende lopitali siku hiyo hiyo. Tusingoje kesho.